Bamvua na Kalamu Nyekundu

Msafiri atokaye Likoni kuelekea mpaka wa Tanzania hupita Ukunda, Msambweni na Ramisi, akaipita njia panda ya Shimoni, kisha akaiacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kushika upande wa kushoto, uliko bahari. Huko ndiko Majoreni. Si Diani, watalii hawaijui, na magazeti huitaja kwa nadra. Ipo minazi, ipo mikorosho, yapo mashamba madogo ya mihogo na mahindi, na kisha, pale ardhi inapoanza kulainika chini ya nyayo, ipo mikoko.

Kwa mtu wa isimu, hata hivyo, ukanda huu wa kati ya Funzi na Vanga ni hazina. Hapa Chidigo hukutana na Kivumba, lahaja ya Kiswahili iliyolibeba jina la Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa karibu na Vanga ya leo. Kaskazini kidogo ipo Chichifundi. Wasegeju wamo, Wapemba waliovuka bahari vizazi vilivyopita wamo, na Wakamba walioshuka kutoka Bara kutafuta mashamba wamo pia. H. E. Lambert alipotoa vijitabu vyake juu ya Kivumba mwaka 1957 na Chichifundi mwaka 1958, alikuwa akiandika habari za watu hawa hawa. Yamkini wengi wanaozikariri lahaja hizo kwa ajili ya mtihani wa chuo kikuu hawajawahi kuwaza kwamba wazungumzaji wake wana watoto, na kwamba watoto hao kila asubuhi huvaa sare na kwenda shule kufundishwa Kiswahili.

Shule inayozungumziwa hapa ni ya msingi, na mdhamini wake ni Kanisa Katoliki. Jina lake si hoja. Neno mdhamini, kwa upande mwingine, lahitaji maelezo, kwa kuwa wageni wengi hudhani shule ya Kikatoliki ni shule ya Wakatoliki. Tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1968, makanisa nchini Kenya yalikoma kuwa wenye kuziendesha shule walizozianzisha. Serikali iliwaajiri walimu na kuweka silabasi, na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 iliudumisha utaratibu huo: mdhamini ana sauti katika bodi na hulea maisha ya kiroho ya shule, lakini sharti ailinde imani ya wasiokuwa wa dhehebu lake. Katika Majoreni, wasiokuwa wa dhehebu lake ndio wengi. Darasa la wanafunzi arubaini lilikuwa na Wakristo wanane au tisa, na miongoni mwao Wakatoliki wangehesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Visa hivi ni vya miaka michache baada ya elimu ya msingi kutangazwa kuwa bila malipo mwaka 2003, wakati madarasa yalipofurika na madawati yaliyotengenezewa watoto wawili yakakaliwa na wanne.

Gwaride la asubuhi lilianza kwa sala. Mwalimu wa zamu alifanya ishara ya msalaba, Wakristo wakamfuata, na Waislamu wakasimama kimya mikono ikiwa imeshuka. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni. Watoto, hata hivyo, hawaishi kwa kanuni tupu. Sala ya Baba Yetu inayosaliwa kila siku kwa miaka minane hukaa kichwani hata kama mtu hakuikusudia, na walikuwapo wavulana waliotoka chuoni alfajiri wakiwa wamedurusu juzuu, ambao midomo yao ilisikika ikiifuata sala hiyo mpaka mwisho, kisha, kwa mazoea, wakajipangusa uso kwa viganja viwili. Mwalimu mkuu aliliona jambo hilo akageuza macho upande wa bendera. Kwa upande wake, mtoto wa katekista aliijua Fatiha kwa lahani yake yote, kwa kuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa mwalimu wa chuo.

Kipindi cha dini ndicho kilichokuwa na vituko zaidi. Silabasi ilitoa nafasi kwa Elimu ya Dini ya Kikristo na Elimu ya Dini ya Kiislamu, lakini vyumba havikutosha. Wakristo walibaki darasani na Waislamu wakatoka kwenda chini ya mwembe, ambako ustadhi wa kijiji, aliyelipwa kwa michango ya wazazi, aliwasubiri na ubao mdogo ulioegemezwa kwenye shina. Masika yalipoingia mwembe haukufaa kitu. Hapo makundi yote mawili yalikaa chumba kimoja, moja likielekea ubao wa mbele na jingine likielekea ukuta wa nyuma, walimu wawili wakifundisha kwa sauti za chini huku mvua ikipiga mabati. Ibrahimu alikuwa akimwandaa mwanawe kwa kuchinjwa pande zote mbili za darasa. Watoto waliokaa katikati walibishana hadi mapumziko ni mwana yupi, na wote walikubaliana juu ya kondoo.

Mwezi wa Ramadhani sufuria ya uji iliendelea kutiwa moto kwa ajili ya wadogo na Wakristo, lakini wakubwa wasiofunga walikwenda kunywa nyuma ya jiko bila ya kuambiwa na mtu. Padre aliyekuja kutoka parokia mara moja kwa mwezi aliwahi kuisogeza siku ya michezo kwa majuma matatu ili isiangukie ndani ya mfungo. Mzazi wa mwanafunzi alipofariki, shule ilifungwa saa sita, kwani maziko ya Kiislamu hayangoji, na walimu Wakristo walionekana wakisimama nyuma ya jeneza wakiwa wamevua kofia pale ambapo wenzao walikuwa wamezivaa.

Mambo haya yanasimuliwa kwa kirefu kwa sababu hayapatikani kila mahali. Huko Isiolo, ugomvi wa hijabu katika shule ya upili iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti ulifika hadi Mahakama ya Juu. Uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2016, uliokuwa umewaruhusu wasichana kuvaa hijabu, ulitenguliwa mwezi wa Januari 2019 kwa hoja za utaratibu wa kesi, na swali lenyewe likabaki likining'inia. Katika Majoreni wasichana walivaa mitandio myeupe, na hakuna kikao chochote cha kamati kilichowahi kukaa kwa ajili hiyo. Kamati ilikuwa na mambo mengine ya kuijadili: paa, choo cha wasichana, wavulana wanaotoroka kwenda baharini, na ngoma za usiku matangani ambazo ziliwafanya wanafunzi wa darasa la nane kusinzia hadi saa nne.

Palipokosekana maafikiano ni penye lugha, na kwa muda mrefu hakuna aliyetambua kwamba hayapo.

Yafaa ikumbukwe Kiswahili cha shuleni kilitoka wapi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaweka tahajia, sarufi na msamiati wa vitabu. Habari hizi kila mwanafunzi wa Kiswahili anazijua, na aghalabu hufuatwa na malalamiko kwamba usanifu uliziua lahaja. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Lakini kisa cha shule hii chaonyesha jambo tofauti kidogo, nalo limesemwa kwa uchache: Kiswahili kinachofundishwa kwa jina la usanifu mara nyingi ni finyu kuliko Kiswahili sanifu chenyewe.

Mwalimu wa Kiswahili wa darasa la saba alitoka Bara, mahali penye mito ya mchanga inayotiririka majuma machache kwa mwaka. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya pili, labda ya tatu. Alikipata vitabuni, na alikipenda kama mtu apendavyo kitu alichokitolea jasho. Hakuwahi kuchanganya ngeli. Alikuwa akikesha na taa ya chemni akisahihisha madaftari arubaini, na kalamu yake nyekundu haikupita kosa la upatanisho hata moja. Wakati ambapo watu wa Bara husemwa kwamba wanakiboronga Kiswahili, alikuwa yeye akiwarekebisha watoto wa pwani, na ni haki isemwe kwamba mara nyingi alikuwa sahihi. Mtoto aliyeandika mutu kwa mtu, au madzi kwa maji, alikuwa ameandika Chidigo, na karatasi ya mtihani ilitaka Kiswahili.

Shida ilikuwa insha. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, insha ya Kiswahili ilikuwa na alama 40 na dakika 40, na kila mwalimu nchini alikuwa na akiba ya mapambo aliyoyaamini kuwa hutia alama mfukoni. Mhusika sharti arauke majogoo yakiwika. Sharti apige guu mosi guu pili, apigwe na butwaa, atimue mbio kama mshale, na jasho limtiririke kwa njia ndogondogo. Mapambo hayo yalibandikwa ukutani kwenye karatasi za manila. Watoto waliyakariri wakayatia katika kila kisa, pafaapo na pasipofaa, hata ikawa haiwezekani kumtofautisha mtoto wa Majoreni na mtoto wa Meru kwa kusoma insha zao. Wote walirauka, wote walitimua mbio.

Siku moja mwalimu alitoa kichwa kilichozoeleka: siku ambayo sitaisahau. Msichana mmoja wa darasa hilo, mkimya, mwenye desturi ya kukaa kando ya dirisha, aliandika juu ya nyanya yake.

Nyanya huyo alikuwa miongoni mwa wanawake wanaokwenda mwambani wakati wa maji kupwa, wakiwa na ufito wa kuchokolea pweza mapangoni. Kazi hiyo ina hesabu zake. Maji hupwa sana na kujaa sana katika siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu. Hilo ndilo bamvua. Katikati ya vipindi hivyo maji huwa mafu, hayaendi mbali wala hayarudi kwa kishindo. Na kwa kuwa kila siku kupwa huchelewa karibu dakika hamsini kuliko siku iliyotangulia, mwanamke anayeijua tarehe ya mwezi wa Kiislamu anaijua pia saa ya kushuka mwambani na saa ya kupanda. Msichana aliandika kwamba siku hiyo bamvua lilikuwa kubwa, maji yakakupwa mpaka mwamba wa nje, nyanya akafuatilia pweza mmoja hadi pangoni na kusahau saa. Matlai ilikuwa imekwisha kutulia na upepo ukaanza kugeuka. Maji yaliporudi yalirudi kwa nyuma yake, yakijaza mkondo ulio kati ya mwamba na nchi kavu, na mtoto akiwa ufuoni aliuona mtandio wa nyanya ukielea kabla ya kumwona nyanya mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama maji kifuani akiusukuma ufito mbele yake ili kujua kina. Akavuka. Pweza alikuwa naye begani.

Insha haikuwa na jogoo. Hakuna aliyepigwa na butwaa. Ilikuwa na kurasa mbili kasoro mistari mitatu, na ilirudi na alama 16.

Neno bamvua lilikuwa limepigwa mstari mara nne, na pembeni pameandikwa: lugha ya mama. Matlai ilizungushiwa duara na alama ya kuuliza. Lakini palipotokea jambo ambalo darasa lililicheka kwa miezi ni penye kitenzi. Msichana alikuwa ameandika kwamba maji yalikupwa. Mwalimu, aliyezaliwa mbali na bahari, alikiona kitenzi hicho kikifanana na kupewa kilichokosewa tahajia. Na kwa kuwa hakuona maji yamepewa nini, alikifuta na juu yake akaandika kwa mwandiko mzuri: yalikauka.

Msichana hakulia. Alilipeleka daftari nyumbani akalisoma kwa sauti kama kawaida yake, pamoja na masahihisho. Nyanya hakujua kusoma herufi za Kirumi, ingawa Kurani aliisoma, na alipofikia mahali pa bahari iliyokauka aliomba arudiwe. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha hakucheka tena. Kesho yake, ambayo ilikuwa siku ya maji mafu na kwa hiyo hakuwa na kazi mwambani, alijitanda leso akaenda shuleni.

"Hodi, mwalimu."

"Karibu, nyanya. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza hiyo bahari iliyokauka iko upande gani, nikajiokotee samaki kabla ya watu hawajasikia."

Walimu wengine katika ofisi waliinamisha vichwa juu ya madaftari yao. Mwalimu wa Kiswahili hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alijitetea kwa heshima. Alisema kwamba mtihani husahihishwa Nairobi na watu wasiomjua mtoto wala bahari yake, na kwamba neno la nyumbani likiingia katika karatasi ya Kiswahili huhesabiwa kosa. Hakukuwa na ubaya katika maneno yake. Alikuwa akimlinda mwanafunzi.

"Neno la nyumbani nalijua," alisema nyanya. "Madzi ni la nyumbani. Hilo nilimwambia hata mimi, ukienda kwa mwalimu andika maji. Lakini bamvua si la kwetu peke yetu, baba. Bamvua hulisikia kwa Wapemba, hulisikia kwa watu wa Mombasa, na nahodha wa Unguja akija hapa tunaelewana naye kwa neno hilo hilo. Sasa Kiswahili unachomfundisha wewe ni cha nani?"

Ofisini mlikuwa na nakala moja ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu, chapa ya mwaka 1981, iliyoshikizwa mgongo kwa gundi na kuhifadhiwa katika kabati la mwalimu mkuu pamoja na mpira wa miguu. Mwalimu aliomba ufunguo. Kwenye B alilikuta bamvua. Kwenye P alikikuta kitenzi, na maelezo yake yalikuwa ya maji ya bahari. Matlai nayo ilikuwapo. Alilipekua kitabu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nyanya akiwa amesimama, kwa kuwa kila aliyekuwa ofisini alisahau kumpa kiti.

Alichokifanya baadaye kinamstahilia sifa. Alichukua kalamu ya buluu, akaifuta mistari yake myekundu mmoja mmoja, akaandika upya alama 29, na kwenye madzi, ambayo msichana aliyaandika mara moja kwa kupitiwa, akauacha mstari wake mwekundu. Nyanya aliafiki.

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapopaswa kutua kidogo. Ugomvi huu haukuwa wa lahaja dhidi ya usanifu. Mwanamke asiyesoma herufi za Kirumi aliujua mpaka kati ya Chidigo na Kiswahili bila ya kutatizika, na kamusi ya usanifu ilikuwa upande wake. Aliyekuwa nje ya kamusi ni mwalimu, na si kwa uzembe. Alifundishwa na walimu waliofundishwa kwa vitabu vya mazoezi, na vitabu hivyo viliandikwa kwa kuangalia karatasi za mitihani iliyopita. Kila mzunguko ulipunguza maneno kidogo. Mwishowe Kiswahili sanifu kikawa ni yale maneno ambayo msahihishaji ameyaona mwaka jana. Bahari ilibaki katika silabasi kama mahali pa kupunga upepo na kujenga kasri za mchanga.

Na hii ni shule ya Kikatoliki, jambo ambalo lina kejeli yake. Miongoni mwa watu waliokusanya maneno ya pwani kwa uvumilivu mkubwa kuliko wote alikuwa padre wa Kikatoliki, Charles Sacleux, Mfaransa wa shirika la Roho Mtakatifu, aliyefika Zanzibar mwaka 1879 akakaa upande huu wa dunia hadi mwaka 1898. Sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikatoka Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, akiwa mzee sana. Sacleux hakuuliza kama neno litampatia mtu alama. Aliuliza linasemwa wapi, na akaandika mahali hapo kando ya neno. Maneno ya mabaharia, ya wavuvi, ya mafundi wa majahazi, ya upepo na ya samaki yamejaa humo. Kamusi hiyo haikuwa katika kabati la mwalimu mkuu, na hata ingekuwamo, hakuna aliyekijua Kifaransa. Bado ni ajabu kwamba wana wa wale waliomsemea maneno hayo walikuja kupigiwa mistari myekundu katika shule ya kanisa lake.

Baada ya kisa hicho mwalimu alinunua daftari la kurasa 96 na kulipa jalada la karatasi ya kaki. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, wanafunzi waliruhusiwa kuleta neno moja moja kutoka nyumbani, kwa sharti kwamba mtoto aeleze nani analitumia na kwa kazi gani. Majuma ya kwanza maneno yalikuja kwa aibu, kisha yakafurika. Mtoto wa mkata boriti alizipanga fito, pau, mazio, boriti, nguzo na banaa kwa unene, akionyesha kwa kidole, kwa kifundo, kwa paja, na darasa likatambua kwamba miti yote hiyo waliyoiita mikoko ilikuwa na majina yake: mkoko, mchu, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi. Mwengine alileta jarife na dema. Mvulana wa Kikamba, ambaye babake alilima, alileta maneno ya ng'ombe, na mwalimu akayaandika ukurasa wa nyuma chini ya kichwa chake mwenyewe, kwa sababu hayakuwa Kiswahili na hakutaka yapotee. Ustadhi wa chini ya mwembe aliposikia alileta majina ya nyota anazozifuata manahodha. Mwalimu wa Sayansi alikuja kuazima ukurasa wa bamvua alipofika katika somo la mwezi. Na inasemekana hilo ndilo somo pekee la Sayansi la mwaka huo ambalo darasa lilimfundisha mwalimu.

Isidhaniwe kwamba mambo yalinyooka. Wazazi wawili walilalamika katika mkutano kwamba watoto wamepelekwa shule kujifunza wasiyoyajua, ilhali mwalimu anawauliza wayajuayo. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mzazi aliyeuza korosho ili anunue sare ana haki ya kutaka mwanawe aondoke na kitu ambacho hakipatikani ufuoni. Mwalimu mkuu naye aliangalia orodha ya shule za wilaya na nafasi ya shule yake katika orodha hiyo, akamkumbusha mwalimu kwamba Ijumaa jioni ni wakati wa marudio.

Na mtihani ulipokaribia, mwalimu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wa darasa la nane waandike kama wanavyoandika wengine. Alimwita msichana yule kando akamwambia kwamba msahihishaji huenda ni mtu aliyezaliwa kama yeye, penye mto wa mchanga, na hatakuwa na nyanya wa kumjia ofisini. Msichana alitii. Katika chumba cha mtihani alirauka majogoo yakiwika, akapiga guu mosi guu pili, na jasho likamtiririka. Alipata alama nzuri ya Kiswahili, iliyompeleka shule ya upili. Ushauri wa mwalimu ulikuwa wa busara, na ni vigumu kusema angemshauri vingine. Lakini mtoto aliyewahi kuandika kurasa mbili zisizo na sentensi moja ya kuazima hakuandika tena juu ya bahari darasani, wala hakuna aliyemtaka aandike.

Mwalimu alihamishwa kurudi Bara baada ya miaka mitatu. Alilichukua daftari la kaki. Alikuwa amelijaza hadi jalada la ndani.

Mtaala umebadilika tangu wakati huo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umezipa lugha za kiasili nafasi katika madarasa ya chini, na Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliitwika Serikali wajibu wa kuziendeleza lugha hizo. Chidigo tayari kina kamusi yake, Mgombato, iliyotolewa mwaka 2004. Yote haya ni mema. Lakini hayajibu swali la nyanya, kwa sababu hakuuliza juu ya Chidigo. Aliuliza juu ya Kiswahili. Na wakati wasomi wakijadili, kazi zilizoyabeba maneno zinabadilika: marufuku ya ukataji miti ya mwaka 2018 ilimwacha mtoto wa mkata boriti bila pa kuzipima pau na mazio kwa kidole, jambo jema kwa mikoko, na maneno yenyewe yatahitaji kuandikwa na mtu, maana mikono haitayakumbuka peke yake.

Msichana yule sasa ni mama. Aliolewa upande wa Shimoni, karibu na Kibuyuni ambako wanawake hulima mwani, na kikundi chao kikamchagua kuwa katibu kwa kuwa ana mwandiko. Mwani hupandwa na kuvunwa kwa kufuata maji, kwa hiyo daftari la mikutano limejaa tarehe za mwezi. Humo ameandika kwamba kikao cha Jumanne kimeahirishwa hadi Alhamisi kwa sababu ya bamvua. Kwamba mistari mitatu ya kotoni imekatika upepo ulipogeuka. Kwamba mama mmoja anadai kamba zake. Kwamba maji yatakupwa saa nne na nusu, wanachama wafike mapema, na atakayechelewa atatozwa shilingi hamsini.